Juu barafu, chini joto: hiyo si gesi jamani, ni feni

Nianze na kitu ambacho saivi nakisema kila mahali mpaka watu wananichoka. Friji la nofrosti, yaani lile lisiloganda mabarafu ukutani, likiwa juu linagandisha vizuri tu alafu chini maji yako vuguvugu, usikimbilie gesi. Gesi ya friji haiishi kwa kutumika, imefungiwa ndani ya mabomba inazunguka hiyohiyo miaka nenda rudi, ikipungua ujue kuna tundu mahali, na ikipungua kweli hata huko juu kugandisha kunakuwa kwa shida. Sasa kama juu nyama imeganda mpaka haikatiki alafu chini nyanya zinaoza, baridi ipo, inatengenezwa, kinachokosekana ni upepo wa kuisambaza. Na huo upepo unatoka kwenye kafeni kadogo ambako wengi hata hawajui kama kapo.

Mimi si fundi, tuelewane mapema. Nauza mtindi na juisi za ukwaju na ubuyu hapa Kihonda, Morogoro, nafunga kwenye chupa na vikopo, wateja wangu wengi ni bodaboda, wanafunzi na akina mama wanaotoka kazini, kwa hiyo friji likigoma siku moja mtaji wote unachachuka. Langu ni la milango miwili, friza juu friji chini, nililinunua kwa mtu aliyekuwa anahama mkoa, na miaka yote hiyo sikuwahi kujiuliza nyuma ya ule ukuta wa plastiki wa friza kuna nini. Nani anajiuliza, ukienda kununua friji unauliza ukubwa na bei basi.

Dalili ya kwanza haikuwa hata joto, ilikuwa LUKU. Yuniti zikaanza kuisha mapema kuliko nilivyozoea na sijaongeza kitu chochote ndani, pasi ileile, tivii ileile. Sababu yake ni kwamba kompresa, ile mashine ya nyuma inayosukuma gesi, inapumzika pale sensa ya chini ikihisi baridi imetosha, sasa kama baridi haifiki chini sensa haihisi kitu, kompresa inaunguruma usiku na mchana inasubiri ruhusa ya kupumzika ambayo haiji. Dalili ya pili ni kelele, kulikuwa na kamlio fulani hivi ka kugonga, tik tik tik, hasa alfajiri nyumba ikiwa kimya, mwanangu akasema mama hao panya, alafu siku moja kakanyamaza. Kumbe lile lilikuwa panga la feni linagonga barafu, na kunyamaza kwake ndo kufa kwake. Dalili ya tatu ndo ile ya mfukoni, mtindi niliouweka jioni asubuhi umejitenga maji, mteja mmoja akanirudishia kikopo kwa upole kabisa akasema dada huu wa leo umenuna. Nikaweka kipimajoto chini nikafunga mlango, baada ya muda nikakuta nyuzi 14, na mtindi unataka 4 au 5 hapo.

Nieleze kidogo linavyofanya kazi maana bila hii mengine hayataeleweka. Yale mafriji yanayoganda mabarafu ukutani, mabomba ya baridi yamepita mulemule kwenye kuta, hayana feni, na barafu ikizidi unalizima mwenyewe iyeyuke. Nofrosti ni tofauti. Koili ya baridi, wenyewe mafundi wanaiita evaporeta, kwa haya ya kawaida ya friza juu ni moja tu na imefichwa nyuma ya kava la plastiki huko kwenye friza, na karibu yake kuna feni. Feni inavuta hewa ipite kwenye koili, ikishapoa sehemu inabaki kwenye friza na sehemu inashuka kwa njia yake kwenda chini. Chini hakuna chanzo cha baridi kabisa, chini kunaishi kwa kuletewa. Feni ikifa ni sufuria la pilau limeiva na hakuna wa kupakua, walio karibu na jiko wanadokoa, wa sebuleni wanalala njaa. Ndo maana friza inaendelea kugandisha, iko palepale na koili, na wewe unadanganyika kwamba friji zima liko sawa ila limechoka kidogo.

Fundi wa kwanza aliyekuja alikuwa kijana mstaarabu tu, simsemi vibaya, akafungua mlango, akaweka mkono chini, akaweka mkono juu, akasema dada hii gesi imepungua, kujaza ni elfu 80 ila wewe nakufanyia 70. Nikamuuliza mbona juu inagandisha, akajibu ndo inavyoanzaga hivyo. Nikamwambia basi nioneshe kwanza inapovujia, maana ukijaza bila kuziba si itatoka tena, akacheka akasema hizi hazivujagi, zinapunguaga zenyewe. Hapo nikaona bora nitulie. Tena kuna kitu kingine, nyuma ya friji kuna stika, yangu imeandikwa aina ya gesi, R600a, na gramu zake hazifiki hata 60, na mtungi aliokuja nao yeye ulikuwa wa R134a. Hizo hazichanganywi, kipimo tofauti, presha tofauti, mafuta ya kompresa tofauti, na R600a inawaka moto, ni jamii moja na gesi ya kupikia, ina taratibu zake. Kusoma ile stika hakuhitaji ufundi wowote, ni kusogeza friji tu na kuinama. Nikampa hela ya bodaboda tukaachana kwa amani.

Mtaani kwetu kuna mzee alikuwa fundi redio enzi hizo, saivi kapumzika, anakaa kibarazani na redio yake na gazeti. Nikamwendea. Shikamoo mzee. Marahaba mwanangu, friji linasemaje? Yaani habari zilishamfikia. Nikamweleza yote, akasikiliza mpaka mwisho alafu akauliza swali moja, kompresa ikiwa inafanya kazi, huko juu unasikia upepo? Nikasema sijui. Akasema nenda kasikilize, ukijua njoo.

Kusikiliza nako kuna ujanja wake. Mafriji mengi ukifungua mlango wa friza feni inazimwa makusudi, kuna kaswichi pembeni mwa fremu ya mlango, mlango ukifunguka kanaachia, feni inasimama ili baridi isimwagwe nje. Kwa hiyo mtu anafungua, haoni upepo, anatangaza feni imekufa, kumbe imesimamishwa. Unatafuta hako kaswichi, unakabonyeza kwa kidole au unakabandika selotepu, alafu ndo unaweka mkono kwenye matundu ya kava. Langu kompresa inaunguruma, kaswichi nimekabonyeza, kwenye matundu kimya, nikaning'iniza kauzi mbele ya tundu hata hakakutikisika. Kuna mitego mingine mzee alinitahadharisha. Ukichomoa friji ukachomeka palepale, mengi kompresa yake inachelewa dakika kadhaa kuwaka, hiyo ni kawaida. Na friji likiwa kwenye difrosti, yaani linajiyeyushia barafu lenyewe, kompresa na feni vyote vinazimwa kwa dakika 20 au 30 hivi. Ukipima ndani ya muda huo utaua kitu kizima kwa maneno tu. Subiri kompresa iungurume ndo upime.

Jumamosi mzee akaja na bisibisi zake na mita, mimi nimeshatoa vitu vyote nimevigawa kwa majirani wenye nafasi, tukachomoa plagi ukutani, sio kuzima swichi, kuchomoa kabisa. Kava la nyuma lilikuwa na skrubu zimefichwa chini ya vifuniko vidogo vya plastiki, unavichokonoa taratibu vinatoka. Skrubu zikatoka, kava halitoki. Limeng'ang'aniwa na barafu nyuma yake. Na hapa ndo mafriji mengi yanauliwa, maana kuna shemeji yangu mmoja alikuwepo akaenda jikoni akarudi na kisu, leteni nilibandue, mzee akamkatalia kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo. Ile koili ni aluminiamu nyembamba, ncha ya kisu ikiingia tu umetoboa, gesi inatoka, na sasa ndo utakuwa na tatizo la gesi la kweli, la laki na kuendelea, na kwa haya ya R600a kama kuna jiko la mkaa karibu ni balaa lingine tena. Tukaweka sufuria la maji ya moto ndani ya friza, chini tumetanguliza kitambaa kinene plastiki isilainike, tukafunga mlango, yakipoa tunabadilisha, katikati tunafungua feni ya mezani inapuliza. Ilikula mchana mzima na mataulo yangu yote yaliloa. Asiye na haraka aliache limezimwa mlango wazi usiku kucha, maji yatoke yenyewe, ni njia salama kuliko zote ila mimi na mtindi wa watu nisingeweza.

Kava lilipoachia tukaona mambo. Koili yote nyeupe pe, barafu imepanda mpaka kwenye feni, panga limenaswa na ncha zake zimelika kwa kugonga muda mrefu.

Barafu ilipoisha mzee akalisukuma panga kwa kidole, likazunguka kwa uzito na kukwaruza kisha likasimama palepale, wakati la feni nzima ukilisukuma linaendelea kidogo lenyewe. Akasoma stika ya mota: DC 12V, waya tatu. Hapa soma vizuri na wewe kabla hujagusa kitu, mafriji ya zamani feni yake inatumia umeme uleule wa ukutani, waya mbili, volti 220 mpaka 240, hiyo ukipima kizembe inaua, haya yenye bodi, yaani sakiti inayoliamrisha friji, mengi feni yake ni volti 12 tu, na stika ndo inakwambia uko kwenye lipi. Na hata ya volti 12, ile hita ya kuyeyushia barafu iliyo jirani yake inatumia umeme mkubwa, kwa hiyo mikono ya maji kaa nayo mbali friji likiwa limechomekwa.

Waya mbili ni za umeme, chanya na hasi, ya tatu inarudisha taarifa kwenye bodi kwamba nazunguka na kasi yangu ni hii. Hiyo ya tatu ndo inachanganya watu. Tulichomeka friji, kompresa ikawaka, mzee akapima kwenye soketi ya mota, ikaja volti 12, sekunde chache ikakata, ikakaa wee, ikaja tena, ikakata. Shemeji akasema si unaona, bodi hiyo, umeme unakuja unakata. Mzee akasema hapana, bodi inapeleka umeme, inasubiri jibu kwenye ule waya wa tatu, jibu haliji, inakata ili isiunguze kitu, baada ya muda inajaribu tena. Bodi ingekuwa imekufa isingejaribu. Hilo lilinikaa sana kichwani maana bodi ndo kitu ghali kuliko vyote mule ndani ukiacha kompresa, na mtu anaweza kukuuzia bodi kwa kosa la mota ya elfu 35.

Kuhakikisha zaidi tukaazima betri ya bodaboda. Kijana wa kijiweni akafungua kava la pikipiki yake akaichomoa, volti 12 hiyohiyo, mzee akaunganisha chanya kwa chanya hasi kwa hasi, ukigeuza unaua kasakiti kaliko ndani ya mota. Mota ikatetemeka, ikazunguka robo, ikasimama. Ukiisukuma inajikongoja inasimama tena. Basi, hiyo marehemu. Ila angalizo, kuna feni za waya nne, waya moja ni ya kuamrisha kasi, na baadhi ya feni hizo bila amri hazizunguki hata ziwe mpya kabisa, kwa hiyo usijetupa mota nzima kwa sababu ya betri ya pikipiki. Mwenye betri yake akashauri tuipake mafuta ya cherehani, mzee akasema kwenye baridi ya chini ya sifuri mafuta hayo yanakuwa mazito, utaisikia imeamka ukishangilia, alafu inalala tena na mtindi wako.

Spea niliitafuta Kariakoo kwa simu. Nikapiga picha stika ya mota, picha ya soketi ya waya, picha ya panga likiwa juu yake, na nikaweka rula pembeni ya ule mhimili wa kati unaoshika panga, nikatuma Whatsapp. Muuzaji ananiambia dada hizi zote zinafanana, tuma hela nikupakilie. Hazifanani. Volti lazima iwe ileile, idadi ya waya na mpangilio wake kwenye soketi, urefu wa mhimili maana ukiwa mfupi panga linagusa kava, na uelekeo wa kuzunguka, maana ikizunguka kinyume inapuliza hewa inakotakiwa kuivuta na utakaa unashangaa feni inafanya kazi na chini bado joto. Rangi za waya wala usiziamini, kila kiwanda na nyekundu yake. Akabadilika, akapekua, akanitumia picha ya iliyofanana na yangu kabisa, jioni yake ikawekwa kwenye basi, nikaenda kuichukua stendi ya Msamvu.

Sasa wakati spea iko njiani mzee akanikataza kabisa kushangilia. Akasema mwanangu mota hii haikufa kwa uzee, imeuliwa na barafu, sasa barafu imetoka wapi kwenye friji linaloitwa halina barafu? Ukifunga mpya leo, barafu itarudi, itailalia na hii. Kwa kweli hili ndo lililonifanya nimheshimu, maana mafundi wengi wanabadilisha kilichokufa wanachukua hela wanaondoka, na ukimpigia baadae anakwambia spea za siku hizi feki.

Kila baada ya saa kadhaa friji la nofrosti linawasha hita iliyo chini ya koili, barafu nyembamba iliyojikusanya inayeyuka, maji yanaingia kwenye katundu, yanashuka kwa bomba mpaka kwenye trei iliyo juu ya kompresa, joto la kompresa linayakausha. Ukiona barafu imejazana maana yake kimoja kati ya hivyo hakifanyi kazi. Tukaanza na hita, friji limechomolewa, mita kwenye omu, yaani kipimo cha ukinzani wa umeme. Hita nyingi za mafriji ya nyumbani ni kama wati 150 mpaka 200, kwa umeme wa volti 230 ukipiga hesabu inakuja omu 260 mpaka 350 hivi, yangu ikasoma 300 na kitu, nzima. Sensa ya koili, si ile ya chini, hii ndo inasema barafu imeisha hita izimwe, ukiishika kwenye kiganja namba ya mita inatakiwa ishuke polepole kadiri inavyopata joto, yangu ikawa inarukaruka, inapanda inashuka bila mpango. Alafu fyuzi ya joto, kale kadubwana keupe kamefungwa pembeni ya koili, hako mita inatakiwa ilie piii. Ikakaa kimya.

Fyuzi ile kazi yake ni kukata hita moto ukizidi, yangu imeandikwa nyuzi 77, ikishakata imekata, hairudi. Inavyoonekana sensa ilikuwa inadanganya, hita ikakaa imewaka kupita kiasi, fyuzi ikajitoa mhanga, kuanzia hapo hakuna tena kuyeyusha, barafu ikapanda siku hadi siku mpaka ikamkuta feni. Hivi viwili kwa friji langu vinauzwa pamoja kwenye waya mmoja, kwa hiyo nikampigia yuleyule muuzaji na basi likaleta kifurushi kingine.

Na hapa tukabishana na shemeji, maana yeye aliona tuunganishe waya dairekti tuiruke hiyo fyuzi, mbona mafundi wanafanya. Ni kweli wanafanya. Lakini fikiria, ni hita ya wati 150 imezungukwa na plastiki na sponji, ndani ya friji lenye gesi inayowaka moto, na wewe umeng'oa kitu pekee kilichobaki cha kuizuia, alafu unaenda kulala na watoto. Fyuzi yenyewe bei yake haifiki ya kilo mbili za nyama. Mimi fundi akinitajia dairekti kwenye kitu chochote chenye hita, chai atakunywa ila hagusi.

Kwa wenye mafriji ya zamani kidogo yasiyo na bodi, yale yenye taima ya kuzunguka, badala ya sensa utakuta kibati cha joto, baimeto. Kuna mtego mmoja mbaya pale, kile kwenye joto la kawaida kinakuwa kimeachia, ndo kilivyo, kinashika kikiwa kwenye baridi kali tu. Mtu anakitoa, anakipima mezani, mita haisomi, anakitupa. Kifunge kwenye mfuko wa plastiki, kizamishe kwenye bakuli la barafu iliyotiwa chumvi nyingi, subiri kidogo ndo upime.

Tundu la maji nalo lilikuwa limeziba na uchafu pamoja na kipande cha nailoni, sijui kilifikaje, nikalizibua kwa maji ya moto na bomba la sindano la duka la dawa, bila sindano, nasukuma mpaka nikasikia maji yanadondoka kwenye trei nyuma. Raha ya ile sauti nyie.

Tukafunga kila kitu, mota mpya, sensa na fyuzi, panga tulibadilisha pia maana lililolika linayumba na kuyumba kunaua mota. Ukichomeka usikae mlangoni unafungua kila baada ya dakika kuangalia, nilifanyiwa hivyo na familia nzima. Kesho yake asubuhi chini kulikuwa nyuzi 5 na kompresa nikaikuta imezima, imepumzika, kitu ambacho sikuwa nimekisikia muda mrefu. Saivi nikipanga vikopo naacha nafasi mbele ya yale matundu ya hewa, na mara mojamoja usiku namulika kwa tochi ya simu kwenye matundu ya friza kuangalia kama kuna weupe unajikusanya. Nilinunua pia friji gadi, maana umeme wetu ukikatika hurudi na hasira, na bodi haipendi.

Basi habari zikasambaa, nimekuwa daktari wa mafeni bila cheti. Dada yangu wa Dodoma akanipigia, jiko lake la umeme la induksheni linawaka dakika tano linazima lenyewe na kuandika herufi na namba. Nikamwambia ligeuze, sikiliza chini, kuna feni pale inapoza sakiti. Akasema inaguna tu. Nikamwambia chomoa, liache lipoe kabisa na ukae hata nusu saa, usifungue mwenyewe maana mule kuna kapasita zinabeba volti zaidi ya 300, mpelekee fundi na umwambie aanze na feni. Fundi kafungua, mende. Wamejaa, hai na marehemu, wanapenda joto la pale, mapanga yamekwama na mafuta ya chapati na vumbi. Ikasafishwa ikawa nzito bado, wakabadilisha, na fundi alitaka kumwekea feni ya kompyuta ya volti 12, nikamwambia muulize ya mwanzo imeandikwa ngapi, ilikuwa 18. Nyingi za haya majiko ni 18, ukiiwekea ya 12 itazunguka kwa mbwembwe mwanzoni alafu itaungua.

Maikrowevu sigusi. Jirani alileta yake, inazima katikati na inatoa joto pembeni, najua kabisa ina feni nyuma inayopoza ile magnetroni, kifaa kinachotoa mawimbi ya kupasha chakula, na inawezekana imekufa, lakini kapasita ya mule inashika maelfu ya volti na inaweza kukaa nayo hata ikiwa imechomolewa. Nikamrudishia na mlango wake, nikamwelekeza kwa mtu anayejua kuitoa chaji.

Wa mwisho ni baba mmoja hapa nyuma, muuza samaki, friji lake dalili zilezile, juu barafu chini joto. Tukafikiri tumeshamaliza kabla ya kuanza. Feni tukaijaribu kwa betri, inazunguka safi, barafu hakuna, kaswichi ka mlango kazima, ila kwenye soketi volti haiji hata ile ya kujaribu, tumesubiri mpaka chai ikapoa. Waya kutoka kwenye bodi mpaka kwenye feni mzee kaupima, mzima. Hapo ni bodi kweli, na bodi mimi na mzee hatufungui, kuna kijana mjini anazirekebisha kwa kubadilisha vipande vidogo badala ya kuuza nzima, tumempelekea. Hajamaliza bado. Kwa sasa samaki wa huyo baba wako kwenye friza langu, wamefungwa nailoni mbili mbili wasinukie mtindi, na tumeelewana kodi analipa kwa sato.